Matairi ya Magari Mazito ya Umeme Kuisha Mapema: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kutambua Chanzo na Kurekebisha

BMW ilipotoa toleo jipya la magari yake ya daraja la 7 mwaka 2022, ilitumia bodi ileile kwa gari la petroli na kwa gari la umeme, jambo linalorahisisha ulinganisho. 740i ya petroli ina takriban kilo 2,100, wakati i7 xDrive60 ya umeme inazidi kilo 2,600. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni betri iliyolazwa chini ya sakafu. Katika Audi e-tron ya kwanza, betri peke yake ilikuwa na uzito wa kilo 700 hivi. Ongeza juu ya hapo nguvu ya msokoto ya Nm 745 ambayo i7 huanza kuitoa tangu magurudumu yanapoanza kuzunguka, na utaelewa kwa nini mwenye gari la namna hii hurudi dukani kununua matairi mapema kuliko alivyozoea.

Utafiti wa J.D. Power, kampuni inayochunguza maoni ya wateja, uliotolewa Marekani mwaka 2024 ulikuta kwamba asilimia 39 ya wenye magari ya umeme walikuwa wamebadilisha matairi ndani ya miezi 12 iliyotangulia, kiwango kilichowazidi wenye magari ya petroli kwa pointi 19. Michelin nayo imeeleza kwamba matairi ya kawaida yakifungwa kwenye gari la umeme huweza kuisha kwa kasi zaidi kwa hadi asilimia 20. Takwimu hizi zimewapa wauzaji na mafundi wengi jibu la haraka: gari ni zito, nunua mengine. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Ongezeko la asilimia 20 haliwezi kueleza tairi lililotarajiwa kufika kilomita 40,000 ambalo limekuwa kipara likiwa na kilomita 15,000. Umri wa tairi ukikatika kwa zaidi ya nusu, karibu kila mara kuna sababu nyingine juu ya uzito, na sababu hiyo imeacha alama zake kwenye mpira wenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na tairi la zamani, ambalo lisitupwe kabla halijapimwa.

Hatua ya kwanza: pima kina cha mifereji kwa upana wote wa tairi

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: geji ya kupimia kina cha mifereji kwa milimita, geji nzuri ya upepo, tochi, chaki na daftari. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha takriban milimita 8, ingawa baadhi ya matairi yanayotoka kiwandani na magari ya umeme huwa na pungufu kidogo ili kupunguza ukinzani wa barabara na kuongeza umbali ambao chaji moja inaweza kulifikisha gari. Kikomo cha kisheria katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza ni milimita 1.6, na vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji vimewekwa kwenye kina hicho hicho. Mimi siungi mkono kungoja kikomo hicho kwa gari la tani mbili na nusu. Katika mvua, tairi lenye milimita 3 tayari limepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuyatoa maji chini yake, na mwendo wa gari zito ni mgumu kuuzuia likishaanza kuelea.

Pima sehemu tatu kwa kila tairi: mfereji wa ndani kabisa, wa katikati na wa nje kabisa. Kisha lizungushe gurudumu theluthi moja ya mzunguko na urudie, hadi uwe na vipimo tisa. Andika vyote, pamoja na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Kosa linalotokea mara nyingi katika karakana ni fundi kuchuchumaa kando ya gari, kuchomeka geji kwenye mfereji wa nje na kutangaza kwamba tairi bado lina uhai. Katika magari ya kifahari ya umeme, uharibifu mkubwa huwa upande wa ndani, ambao hauonekani kwa mtu aliyesimama wala aliyechuchumaa.

Magurudumu ya mbele yanaweza kukaguliwa kwa kukata usukani hadi mwisho. Ya nyuma yanahitaji gari linyanyuliwe, na hapa tahadhari ni lazima. Gari lenye springi za upepo linaweza kujisawazisha lenyewe na kushuka ghafla, kwa hiyo usiingize mkono kati ya tairi na bodi kabla ya kuweka mfumo huo katika hali ya jeki kupitia skrini ya gari. Jeki iwekwe kwenye sehemu zilizotajwa na kitabu cha gari pekee, ikiwa na kipande cha mpira juu yake, kwa kuwa jeki ikikosea kidogo itabonyeza sanduku la betri, na ukarabati wa sanduku hilo unaweza kuzidi bei ya seti kadhaa za matairi. Gari likishanyanyuka, liegemezwe kwenye stendi imara kabla ya mtu yeyote kuingiza kichwa chini yake.

Hatua ya pili: soma maana ya vipimo

Kwanza tafuta kasi ya kuisha. Tuseme tairi lilianza na milimita 8 na sasa, baada ya kilomita 12,000, lina milimita 5 kwa upana wote. Limepoteza milimita 3, yaani milimita moja kwa kila kilomita 4,000, na likiendelea hivyo litafika milimita 3 baada ya kilomita nyingine 8,000 hivi. Hesabu hii si kamilifu, maana mpira hauishi kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, lakini inatosha kukuonyesha kama una tatizo au una hofu tu.

Halafu linganisha vipimo vya ndani, katikati na nje. Katikati kukiwa kumelika kuliko kingo zote mbili, upepo umezidi. Kingo zote mbili zikilika na katikati ikabaki, upepo umepungua, na kwa gari zito kosa hili ni la hatari zaidi kwa sababu kuta za tairi hupinda na kupata joto kila mzunguko. Ukingo wa ndani ukiwa umelika peke yake, elekea moja kwa moja kwenye hatua ya nne. Pitisha pia kiganja juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Ikiwa upande mmoja unahisi laini na kurudi unahisi ncha kali, gurudumu linaburutwa kiubavu barabarani. Mabonde yanayokuja na kupotea kuzunguka tairi huashiria shokapu zilizochoka au gurudumu lisilo na balansi.

Kuna hali ya mwisho, ambayo ndiyo pekee inayostahili kulaumiwa uzito na mguu wa dereva: matairi ya ekseli moja yameisha haraka, lakini sawasawa kuanzia ndani hadi nje. Ukipata picha hiyo, ipitie haraka hatua ya nne na utumie muda wako kwenye ya tano, ya sita na ya saba.

Hatua ya tatu: rekebisha upepo, na urekebishe ukiwa baridi

Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, na anayejaza kwa kuifuata hiyo anajaza kwa kubahatisha. Magari mengi ya kundi hili huhitaji kati ya psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 38 na 45, kiwango kinachowashangaza wajazaji wa upepo waliozoea kuweka psi 30 au 32 kwa kila gari linaloingia. Ukimwachia kijana wa kituo cha mafuta afanye mazoea yake, utatoka pale na tairi lenye upungufu unaoweza kufika theluthi moja.

Pima gari likiwa limesimama kwa saa tatu au zaidi, nje ya jua. Kila joto la hewa ndani ya tairi linapopanda kwa digrii 10 za Selsiasi, kipimo hupanda kwa takriban psi 2 katika matairi ya kiwango hiki. Kwa wanaoishi Muscat au Dubai, ambako lami ya mchana wa kiangazi huchoma, jambo hili lina uzito wa pekee: anayepima saa nane mchana atakuta psi 48, ataogopa, atapunguza, na kesho alfajiri gari litakuwa linatembea na upungufu. Usipunguze upepo wa tairi la moto. Kwa wenzetu wa Minnesota au Toronto kosa huja kwa mlango mwingine, pale baridi ya Novemba inaposhusha vipimo vyote bila hata pancha moja. Vihisio vya gari havitoshi kama ulinzi, kwa kuwa taa ya onyo huwaka tu baada ya upepo kushuka kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya nne: alaimenti na kimo cha gari

Hapa ndipo matairi mengi ya magari haya yanapofia, na ndipo wenye magari wanapolipa pesa nyingi bila kupata tiba.

Alaimenti ni kupanga pembe za magurudumu, na pembe mbili ndizo zinazohusika. Ya kwanza ni kemba, yaani kulala kwa gurudumu likitazamwa kutoka nyuma: kichwa chake kikiingia ndani, kemba ni hasi. Watengenezaji huweka kemba hasi kwenye ekseli ya nyuma kwa makusudi, kwa kuwa gari lenye nguvu nyingi hushika kona vizuri zaidi likiwa hivyo. Ya pili ni tou, yaani magurudumu mawili ya ekseli moja kuelekea ndani au nje badala ya kutazama mbele sawasawa. Kemba hupeleka mzigo mwingi kwenye ukingo wa ndani, ilhali tou ndiyo inayousugua mpira kama kifutio juu ya karatasi.

Tazama hesabu yenyewe. Gurudumu lililogeuka kwa digrii 0.2 tu, pembe ambayo jicho haliwezi kuiona, husukumwa kiubavu kwa takriban mita 3.5 katika kila kilomita moja. Kwa kilomita 10,000 hizo ni kilomita 35 za kusuguliwa, na mzigo wote wa kemba hasi ukiwa umekaa kwenye ukingo uleule wa ndani. Ndiyo sababu kemba hasi yenye tou sahihi huweza kuvumiliwa kwa maelfu ya kilomita, lakini kemba ileile ikikutana na tou iliyopotoka humaliza ukingo kabla mwenye gari hajashtuka.

Springi za upepo huongeza jambo la tatu. Tesla Model S yenye mfumo huo hujishusha inapokwenda kasi ili kupunguza ukinzani wa hewa, na kila gari linaposhuka, mikono ya nyuma, yaani vyuma vinavyoyashikilia magurudumu, huyavuta yalale zaidi. Alaimenti iliyofanywa gari likiwa kwenye kimo cha kawaida haisemi lolote kuhusu pembe zilizopo kwenye barabara kuu, ambako gari hutumia muda mwingi likiwa limeshuka. Wamiliki wa Model S wamekuwa wakilalamikia ukingo wa ndani wa matairi ya nyuma kwa miaka mingi, na baadhi ya viwanda vya vipuri vimetoa mikono ya nyuma inayoweza kurekebishwa kwa sababu hiyohiyo.

Basi fanya hivi. Kwanza fundi akague bushi (mipira iliyo kwenye viungo vya mikono hiyo) na mikono ya chini, kwa kuwa bushi ikiwa imelegea pembe zitahama mara tu gari litakapotoka kwenye mashine. Hilo ni muhimu zaidi kwa gari linalotembea kwenye barabara zenye mashimo na matuta, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Nairobi na Dar es Salaam, ambako kilo 2,500 zinazotua shimoni hubisha hodi kwenye kila kiungo. Pili, agiza alaimenti ya magurudumu manne, gari likiwa na mzigo wa kawaida na springi za upepo zikiwa kwenye kimo kilichoelekezwa na mtengenezaji kwa kazi hiyo. Tatu, dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, na usikubali maneno "iko kwenye kijani". Kijani kwenye skrini ya mashine ni masafa yanayokubalika tu, na gurudumu linaweza kukaa ukingoni mwa masafa hayo likaendelea kuumia. Mwombe fundi aweke tou ya nyuma katikati ya kiwango kilichotajwa na mtengenezaji, na ahakikishe kulia na kushoto zinalingana. Nne, kama gari linakuruhusu kuzima kujishusha kiotomatiki, lizuie lisishuke katika safari za kila siku. Utapoteza kidogo katika umbali wa chaji, lakini ukilinganisha na bei ya matairi mawili ya inchi 21, hasara hiyo ni ndogo.

Baada ya alaimenti, pima tena ukishatembea kilomita 2,000 au 3,000. Tofauti kati ya ndani na nje ikiwa haiongezeki tena, chanzo kimepatikana. Ikiendelea kukua, rudi kwenye bushi na mikono, kisha uzungumze na fundi kuhusu mikono yenye marekebisho ya kemba.

Hatua ya tano: zungusha matairi, ukijua wakati ambapo kuzungusha hakusaidii

Kitabu cha Tesla kinaelekeza matairi yazungushwe kila kilomita 10,000, au mapema zaidi ikiwa tofauti ya kina kati yao imefika milimita 1.5. Kwa gari lenye saizi moja mbele na nyuma, kama Model S za 2012 hadi 2020 zilizofungwa 245/45R19, kazi ni nyepesi: ya nyuma huenda mbele upande uleule na ya mbele hurudi nyuma kwa kukatiza, isipokuwa tairi lenye mshale wa mwelekeo, ambalo hubaki upande wake.

Magari mengi ya kifahari, hata hivyo, yana matairi mapana zaidi nyuma, na hayo hayawezi kwenda mbele. Wapo wanaoshauri angalau kubadilishana kulia na kushoto. Ushauri huo hauponyi ukingo wa ndani uliolika, kwa sababu gurudumu likihamia upande wa pili, ukingo wake wa ndani hubaki kuwa wa ndani. Kulivua tairi kwenye rimu na kuligeuza nako hakuwezekani kwa matairi yenye upande wa nje uliowekewa alama, ambayo ndiyo mengi kwenye magari haya. Mwenye gari la namna hiyo hana njia ya mkato, na tegemeo lake ni hatua ya tatu na ya nne.

Nati zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo. Kwa Model S na Model X kiwango ni Nm 175, na kwa magari mengine fuata kitabu. Kisha lijulishe gari kwenye skrini kwamba magurudumu yamehamishwa, pale linapouliza.

Hatua ya sita: mguu wa kulia

Dereva akikanyaga, mota hutoa msokoto wote papo hapo. Akiachia, mota zilezile hulizuia gari kwa kurudisha umeme kwenye betri. Mpira wa ekseli inayoendeshwa hupokea mivuto yote miwili. Chagua hali ya mwendo wa utulivu kwa matumizi ya mjini, ondoka kwenye taa taratibu, na ukiachia kanyagio uiachie polepole badala ya kuipokonya mguu. Kwa gari lenye madereva kadhaa, maelekezo haya yatolewe kwa wote, maana daftari la vipimo litamfichua asiyeyafuata.

Hatua ya saba: chagua tairi linalobeba uzito huo

Anza na uwezo wa kubeba, kabla ya bei na kabla ya jina. Soma kibandiko cha uzito wa juu kabisa wa kila ekseli, ugawanye kwa mbili, na utafute faharasa ya uzito inayotosha, yaani namba iliyo ubavuni mwa tairi inayoonyesha kilo linazoweza kubeba. Ekseli iliyoruhusiwa kilo 1,700 inahitaji tairi la kilo 850, yaani faharasa 102 au zaidi, na usishuke chini ya faharasa iliyotajwa na mtengenezaji hata kama hesabu yako inakuruhusu. Alama XL ina maana ya tairi lililoimarishwa. Alama HL, ambayo Pirelli iliianzisha mwaka 2021 kwa ajili ya Lucid Air, inabeba zaidi ya XL kwa saizi ileile. Gari lililotoka kiwandani na HL lisifungwe XL kwa sababu tu duka halina nyingine. Wanaoingiza magari haya Afrika Mashariki kutoka Uingereza au Ghuba waulizie upatikanaji wa saizi hizo kabla ya gari kupanda meli, na wadai picha za kingo za ndani za matairi ya nyuma, si za rimu zinazong'aa.

Alama za watengenezaji, kama T0 kwa Tesla, MO kwa Mercedes na NF0 kwa Porsche Taycan, zinaonyesha tairi lililorekebishwa kwa gari hilo. Nyingi ya hizo zina sponji ndani ya kupunguza kelele, kwa hiyo mziba pancha aambiwe mapema, kwa sababu itabidi aikate sponji mahali pa shimo kabla ya kuziba. Neno "umeme" kwenye lebo halihakikishi maisha marefu, kwani mara nyingi linalenga ukimya na umbali wa chaji. Namba ya uimara wa mpira inayochongwa ubavuni kwa soko la Marekani husaidia zaidi, mradi ulinganishe matairi ya kampuni moja: tairi la mbio za kiangazi lenye 220 halitafuatana na la safari lenye 500. Na kama kitabu kinaruhusu rimu ya inchi 19 badala ya 21, kubali rimu ndogo. Utapata ukuta mnene wa tairi, bei nafuu na hofu pungufu ya mashimo.

Badilisha matairi mawili ya ekseli moja kwa pamoja, na uangalie tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha lini lilitengenezwa: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024.

Hatua ya nane: hifadhi karatasi

Dhamana za kilomita zinazotolewa na watengenezaji wa matairi, hasa Marekani, hudai uthibitisho kwamba matairi yalizungushwa kwa wakati na yalilika sawasawa. Tairi lililoisha ukingo mmoja hukataliwa, kwani lawama huhamia kwenye gari. Kwa saizi tofauti za mbele na nyuma, kampuni kadhaa hupunguza dhamana ya matairi ya nyuma kwa nusu, jambo ambalo muuzaji halitaji usipouliza. Karatasi ya alaimenti, vipimo tisa vya kila tairi, tarehe na kilomita viwekwe pamoja na risiti ya ununuzi. Ukionekana uzi au waya kwenye ukingo wa ndani, hesabu za dhamana zisubiri: gari lisiendeshwe tena, libebwe juu ya lori la kubebea magari hadi kwa fundi.